Bahari Isiyo na Vumbi

"Kesho garimoshi likipiga king'ora, huyo Mgogo awe ndani ya behewa," alisema Bwana Holtz bila kuinua macho. "Wewe nenda kamalize maneno. Jioni niletee jibu. Moja tu."

Shaushi Mustapha, sajini wa askari wa boma, akapiga saluti, akageuka, akatoka nje ya boma la Dodoma huku mgongo umemlowa jasho. Jua lilikuwa halijawa kali. Jasho lile lilikuwa la hofu. Kila mtu mjini alijua kwamba mweusi anayepelekwa pwani kwa damu ya Mzungu harudi. Na kila askari alijua jibu lipi Bwana Holtz, ndiye Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alilitaka. Kazi ya Mustapha ilikuwa kulibeba kama mpagazi abebavyo mzigo, bila kuuliza kilichomo. Bahati mbaya, tangu utoto wake kule Kondoa alikuwa na ugonjwa wa kufungua mizigo.

Aliyekufa alikuwa Bwana Anselm, Mjerumani mwembamba mwenye kikohozi. Watu walimwita Bwana Bahari kwa sababu hakuchora kitu kingine. Hapa Ugogo, ambako mto ukionekana una maji watu huitana kwenda kuutazama, yeye alichora mawimbi. Juzi jioni alikutwa chini ya Jabali la Fisi, magharibi ya mji, kichwa kimepasuka. Kiunzi chake cha miguu mitatu kilikuwa kimesimama kando, na picha juu yake, rangi ingali mbichi. Karibu na maiti ilichomekwa fimbo ya mfugaji aitwaye Yotham, na juu ya fimbo imetundikwa shuka yake. Kwa macho ya Bwana Holtz kesi ikaishia hapo. Tangu mvua zigome, Wagogo walikuwa wakinong'ona kwamba Mzungu yule amezifungia mvua zao ndani ya vitambaa. Basi Mgogo mmoja amekwenda kuzifungua kwa fimbo. Nani ataka ushahidi zaidi?

Mustapha alianza na mahabusu. Yotham alikuwa amekaa chini, mnyororo shingoni. Mtu mzima, kichwa kimeanza mvi, Mkristo wa misheni mwenye watoto tele.

"Mbukwa, shaushi," alisalimu, kana kwamba wamekutana njiani.

"Mbukwa, mzee. Fimbo yako ilikuwa inafanya nini pale?"

"Ilisimama."

"Usinichezee."

"Sichezi, mwanangu. Nilikuwa narudisha ng'ombe, jua linazama. Nikamkuta amelala. Nikasema nikimwacha hivi hivi, nikirudi na watu tutakuta fisi wamekwisha gawana. Nikachomeka fimbo, nikatundika shuka ipepee, mnyama aogope kidogo. Kisha nikaja mwenyewe hapa bomani, mbio, kifua wazi. Muuaji gani huacha nguo yake kwa maiti halafu akaja kujitaja?"

"Ulimgusa?"

"Nilitaka kumlaza vizuri, mikono kifuani. Mkono ukakataa. Mgumu kama mpini."

Mustapha akaanza kuhesabu saa. Katika vita vya kusini alikuwa amezika wenzake wengi, na alijua mwili wa mtu haukakamai kwa muda wa kuchemsha uji. Kama jua lilipozama mkono ulikuwa umekwisha kukataa, basi Bwana Bahari alikufa asubuhi, au mchana kabla jua halijapinduka.

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Kisimani. Ilikuwa zamu yangu ya kunywesha. Nusu ya kijiji tuligombea ndoo."

"Bwana Holtz ulimwambia haya?"

"Nilimwambia yote. Akasema Mgogo husema anachotaka." Yotham akasogeza mnyororo usimkwaruze. "Naona na wewe hutaniokoa."

"Nani kakwambia?"

"Macho yako. Unaogopa kuliko mimi."

Mustapha alitoka akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa sababu maneno yale ni kweli.

Nyumba ya marehemu ilikuwa tembe kama tembe nyingine, ukuta wa udongo na paa la bapa, ila ndani ilinuka mafuta ya rangi mpaka macho yakawasha. Sikudhani, mwanamke wa Kondoa aliyeishi na Bwana Anselm tangu reli ifike, alikuwa amekaa mkekani katikati ya makopo. Alimkaribisha kwa lugha ya kwao, kisha wakarudi kwenye Kiswahili, maana ukutani walisikiliza majirani na hakuna aliyetaka kuonekana ananong'ona.

"Pole, dada."

"Nimeshapoa, kaka Mustapha. Uliza ulichokuja kuuliza."

"Ndugu yako Athuman yuko wapi? Alimtishia Bwana mbele ya watu."

"Yuko Saranda na kazi ya reli, toka mwezi uliopita. Msimamizi wao anawafungia kama mbuzi, hatoki mtu." Akamtazama. "Ulitaka awe yeye?"

"Ndiyo," Mustapha alikiri. "Ingekuwa rahisi."

Picha ya mwisho ilikuwa imeegemezwa ukutani. Bwana Holtz mwenyewe aliamuru irudishwe kwa mwanamke, pamoja na matambara mengine ya marehemu. Mustapha aliichuchumalia. Majabali matatu makubwa, yameegemeana, moja lina ufa kutoka juu mpaka chini. Mawimbi yanayavamia miguuni, povu linaruka. Chini ya majabali meli nyeupe yenye mlingoti mmoja, na nyuma ya meli, juu ya mchanga, mifupa mirefu iliyopinda ya samaki asiyemjua. Kimtu kidogo kimeinamia mifupa ile. Mustapha aliiona bahari mara moja tu, walipopelekwa pwani kujifunza kwata, na usiku kucha hakulala akiisikia inapumua. Sasa hofu ile ile ilimrudia.

"Alikuwa mtu wa pwani kwao?"

"Pwani ya mawe na baridi, huko mwisho wa nchi yao. Baba yake mvuvi, ndugu zake wavuvi, yeye anachora. Kifua kikamharibikia. Waganga wakamwambia hewa ya bahari itakuua, tafuta nchi kavu. Akatafuta mpaka akafika huku." Sikudhani akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamshinda. "Alisema Mungu alipoumba Ugogo alimaliza ufukwe wote, akasahau kumwaga maji. Basi yeye anamalizia."

"Anamalizia vipi?"

"Kwani hukuwahi kumwona? Anakaa mbele ya majabali yetu haya haya, anayachora kama yalivyo, hata ufa haupunguzi. Halafu penye pori anamwaga bahari. Tembe anaifanya mwamba. Ng'ombe wanakuwa mitumbwi. Siku moja nilipita na mtungi wangu, jioni akanionyesha: nimekuwa ndege mweupe juu ya maji. Hakuchora kitu ambacho hakukiona, alikibadilisha nguo tu."

Mustapha aliisogelea picha tena.

"Wazungu wenzake walilijua hilo?"

"Walikuja kunywa, hawakuja kutazama. Waliona bahari, wakakumbuka kwao, wakalia kidogo, wakaondoka. Walidhani anachora nyumbani."

Mustapha alinyoosha kidole, akagusa wimbi. Likamchafua.

"Usiguse, haijakauka. Zile za mafuta hukaa siku nyingi."

Alikitazama kidole. Buluu tupu, laini. Akaisogeza picha mlangoni kwenye mwanga, akaichungulia kwa ubavu kama mtu anayekagua mchele. Hapakuwa na chembe ya vumbi.

"Dada. Alasiri alikuwa anafanya kazi nje?"

"Alasiri? Na upepo wa Dodoma? Vumbi lingemlia bahari yote. Adhuhuri haimkuti nje. Akichelewa anaifunika kwa kanga yangu, anakuja mbio akikohoa."

"Na juzi upepo ulivuma?"

"Kaka, juzi upepo uliezua bati la duka la Mhindi. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Juzi hiyo Bwana Holtz aliwatuma askari wote vijijini kukusanya watu wa kazi ya reli, akabaki bomani peke yake na wafungwa. Mustapha alirudi jioni, mchanga mpaka kwenye meno. Kama picha hii ingeshinda chini ya Jabali la Fisi, ingekuwa nyekundu kama ukuta. Basi wakati upepo ukivuma picha ilikuwa ndani, na haikuwa ndani ya tembe, maana upepo ule wa juzi ulijaza vumbi kila tembe. Ilikuwa katika nyumba yenye madirisha ya kioo. Dodoma nzima ilikuwa na nyumba mbili za namna hiyo. Moja ilikuwa stesheni, ambako watu hushinda wakipishana mlangoni.

Hakutaka kuitaja ya pili, hata moyoni.

"Niazime picha hii mpaka jioni."

"Utairudisha? Ndiyo mkono wake wa mwisho."

"Nitairudisha."

"Apa."

"Wallahi," alisema Mustapha, akaifunga kwenye kanga, upande wa rangi ukitazama nje ya mwili wake.

Alikwenda kwanza Jabali la Fisi, kwa kuwa ndiko alikotumwa, na mtu akiulizwa awe na la kujibu. Pale palikuwa na jabali moja tu, la duara, limekaa peke yake porini. Hapakuwa na majabali matatu wala ufa. Damu pia ilikuwa kidogo mno kwa kichwa kilichopasuka. Alizunguka mji kwa mashariki, akasimama kila penye mwinuko, akaifunua picha, akaifunika. Wanawake waliokuwa wakipura mtama walimcheka: shaushi anatembeza bahari, labda inatafuta maji ya kunywa. Akacheka nao, akapita.

Majabali matatu aliyapata nyuma ya boma lenyewe. Alikuwa ameyaona kila siku tangu aje Dodoma, ila alikuwa ameyaona kwa chini. Sasa alipanda kilima kidogo cha miiba kusini yao, akainua picha, na ufa ukakaa juu ya ufa. Akasogea hatua moja kushoto. Kila kitu kikalingana, isipokuwa vivuli: kwenye picha jua lilitoka kulia, upande wa mashariki. Ilikuwa asubuhi basi. Chini ya miguu yake palikuwa na matundu matatu ya kiunzi, na juu ya jiwe tone la rangi ya buluu. Hatua chache kando, udongo ulikuwa mweusi, na sisimizi wamejipanga juu yake kwa kazi yao.

Akakaa chini. Akajilazimisha kutazama tena, kitu kwa kitu, kama alivyosema Sikudhani. Penye povu palikuwa na boma la miiba la mbuzi. Mwamba mdogo ulikuwa jiko. Na penye meli nyeupe yenye mlingoti mmoja ilisimama nyumba ya Bwana Holtz, imepakwa chokaa, na mlingoti wake wa bendera.

Nyuma ya meli, kwenye mchanga, ilikuwa mifupa. Nyuma ya nyumba ulikuwa uwanja wa uani, umezungushiwa ukuta, hauonekani na mtu ila aliyeko juu hapa. Mifupa ile ilikuwa mirefu, myeupe, imepinda. Mustapha alikuwa mwana wa nchi ya tembo, na alijiona mjinga kwa kuwa alihitaji kupanda kilima ndipo atambue pembe za ndovu.

Pembe za serikali zilipotea ghalani mwaka jana. Mlinzi wa ghala, Khamisi, aliapa kwa Mungu na kwa mama yake, na hakusadikiwa. Alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na mkono ulioshika kiboko ulikuwa wa Mustapha mwenyewe kwa amri ya Bwana Holtz. Mpaka leo Khamisi anaponda mawe ya barabara kwa mnyororo. Na kumbe pembe hazikwenda mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa yote yalikaa sawa. Bwana Holtz aliwatoa askari wote, akatoa pembe zake uani, akaziinamia kuzifunga kwa safari. Akainua macho, akamwona Mzungu mwenzake juu ya kilima, ametulia, anachora. Akampandia. Baada ya hapo mwili na picha vilishinda ndani ya nyumba ya vioo mpaka upepo ulipolala, na kabla ya jua kuzama punda mmoja alitosha kuvipeleka Jabali la Fisi. Picha aliiona, bila shaka. Aliona bahari tu, akaiacha.

Mustapha aliinuka afute yale matundu kwa kiatu, kwa hofu tupu, asijue hata anamfichia nani. Ndipo kitu kikamulika kule chini. Kwenye baraza ya nyumba nyeupe Bwana Holtz alikuwa amesimama na darubini machoni, na darubini ilikuwa imeelekea kilimani. Haikutikisika. Kisha mkono mmoja ukainuka, ukamwita kwa vidole.

Njia ya kushuka ilikuwa fupi, na hakuna njia aliyowahi kuitamani iwe ndefu kama ile. Alifikiria kukimbilia Kondoa, akaona mke wake na mama yake wakiulizwa yuko wapi. Alifikiria kusema kweli. Amwambie nani? Aliye juu ya Bwana Holtz yuko pwani, na barua ya kwenda pwani huandikwa na Bwana Holtz. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, ila hawakusema ufanye nini akiwa amesimama juu ya shingo ya mtu mwingine. Alipofika barazani alikuwa amekwisha amua kuokoa shingo moja, ile ya Yotham. Nyingine zingengoja.

"Umekaa sana kule juu," alisema Bwana Holtz. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hakikumsaidia mtu kujificha.

"Ndiyo, Bwana."

"Umeona nini?"

"Nimeona kwamba Mgogo hakuua, Bwana."

"Nani aliua?"

"Hakuna. Bwana Anselm alianguka. Jabali la Fisi linateleza, na marehemu alikuwa na kifua kibovu. Alipanda kutazama mahali pa kuchora, pumzi zikamwishia."

Bwana Holtz aliweka darubini mezani taratibu.

"Na fimbo?"

"Ya kufukuzia fisi, Bwana. Yotham alikuwa kisimani asubuhi, watu wengi walimwona. Akipelekwa pwani watauliza mashahidi. Mashahidi wataitwa. Watauliza mambo mengi." Mustapha akanyoosha mkono kuelekea Jabali la Fisi. "Mtu akianguka hakuna anayeuliza."

 Bwana Holtz alikuwa akimtazama kama mnunuzi anayekadiria uzito wa ng'ombe.

"Hicho nini mkononi?"

"Picha ya marehemu, Bwana. Bahari tu. Mimi mtu wa Kondoa, bahari siijui."

"Funua."

Akaifunua. Kwa mara ya kwanza Bwana Holtz aliitazama kweli. Macho yake yalipita kwenye majabali, yakashuka kwenye ufa, yakafika kwenye meli, yakasimama. Akageuka nusu kuelekea majabali yaliyokuwa nyuma ya paa lake, akarudi kwenye picha. Mustapha aliona uso wa Bwana ukipauka, na akajua kwamba Bwana ametambua siri yake imejulikana.

"Huyo mwanamke ameona nini humu?"

"Samaki, Bwana. Aliniambia ni mifupa ya samaki mkubwa." Hakuwa amesema hivyo, lakini ulimi wa Mustapha ulikuwa umewahi mbele ya akili.

"Jikoni kuna moto."

Mustapha hakusogea.

"Nimesema jikoni kuna moto, shaushi. Au nimwite mlinzi, nimwambie yule Mgogo aongezewe mnyororo?"

Jikoni mpishi alitolewa nje. Mustapha alichuchumaa mbele ya mafiga, akaiingiza picha kwa pembe moja. Mafuta yalishika mara moja. Mawimbi yalichemka, meli ikajikunja, yale majabali matatu yakawa ya mwisho kuungua. Alijikuta anamwomba Sikudhani radhi kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ndogo, na moshi ukampa kisingizio cha machozi. Bwana Holtz alisimama mlangoni mpaka ikabaki misumari.

Kisha alimwita mlinzi, akaamuru Mgogo afunguliwe, marehemu ameanguka, shauri limekwisha. Mustapha alisikia mnyororo ukianguka kule mahabusu.

"Wewe unajua kutazama," alisema Bwana Holtz. "Mtu wa namna hiyo nataka awe karibu nami. Kesho tunakwenda kuwinda ndovu, mbali, upande wa Kilimatinde. Mimi na wewe."

"Na wapagazi, Bwana?"

"Hapana wapagazi."

"Nichukue bunduki yangu?"

"Bunduki nitabeba mimi. Moja inatosha."

"Ndiyo, Bwana," alisema Mustapha, akapiga saluti.

Nje ya lango Yotham alikuwa akijisugua shingo, akingoja, ingawa mtu yeyote mwenye akili angekuwa amekwisha kimbia. Shuka yake hakurudishiwa. Alimshika Mustapha mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie.

"Sijui umesema nini mle ndani, mwanangu, na sitauliza. Kesho njoo nyumbani. Nina mbuzi beberu, nimchinje, wanangu wakujue."

"Kesho nina safari na Bwana."

"Basi ukirudi. Atangoja."

Mustapha alitazama barabara ya Kilimatinde, jinsi inavyoingia porini na kupotea.

"Haya, mzee," alisema. "Lakini ukiona sijarudi, mchinje tu, watoto wapate nyama."

Yotham akacheka, akidhani ni utani, akaenda zake kwa watoto wake.